Bega Ambalo Mama Hakulimaliza

Siku mume wangu alipofariki, mama yangu alilala nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Hapa Umoja tumekaa tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na kutoka Ziwani anakoishi mama si mbali hata kidogo, lakini miaka yote hiyo akija alikuja mchana, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akanywa chai, na kabla mume wangu Mutiso hajarudi kutoka kazini alikuwa amekwisha kujifunga leso na kuaga. Siku hiyo alifika na mfuko wa nguo za kubadilisha. Sebule ilikuwa imejaa watu wa kanisa na majirani, wengine wakiimba, wengine wakimenya viazi kwenye beseni, naye akapita katikati yao hadi chumbani kwetu, akavua viatu, akaketi upande wa kitanda aliokuwa akilalia Mutiso. Binti yangu mdogo alinifuata jikoni macho yamemtoka. "Mum, shosho analala hapa?" Nikamwambia ndiyo. "Kwa hiyo kitanda?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba aache maswali aende akasaidie kumenya viazi.

Watoto wangu wamelelewa Umoja na siwezi kuwalaumu. Sisi Wakamba tuna neno, nthoni, ambalo mtu wa haraka atakuambia maana yake ni aibu, na atakuwa amekudanganya nusu. Ni heshima yenye mipaka, na mpaka mkubwa kuliko yote ni ule ulio kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mama mkwe hamwoni mkwewe bila shati, wala halali chini ya paa lake. Wengi wa rika langu waliokulia mjini wamelegeza mambo hayo. Nimeona mtu na mama mkwe wake wakikumbatiana harusini na kucheza pamoja, na hakuna aliyedhurika. Mama yangu hakulegeza hata uzi mmoja. Nitaeleza ni kwa nini, kwa sababu siku hizi za matanga nimesikia watu wakinong'ona kwamba mama hakumpenda mume wangu, na uongo huo siwezi kuuacha uzikwe pamoja naye.

Habari za ukoo wetu nitaziacha. Kila mtu ana ukoo. Nitaanza na chumba. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka uliofuata mtihani wangu wa kidato cha nne, nilikuwa nikiishi na mama katika chumba kimoja cha nyumba zile za zamani za Ziwani, chumba kilichogawanywa na pazia la maua lililokuwa limepauka hadi maua yenyewe ukayatafuta. Nyuma ya pazia palikuwa kwetu: kitanda, sanduku la nguo, vitabu vyangu nilivyokataa kuwagawia wadogo wa jirani. Mbele ya pazia palikuwa pa kazi. Palikuwa na kitanda kifupi cha mbao kilichotandikwa blanketi lililokunjwa mara kadhaa, jiko la makaa, kopo la mafuta ya nyonyo, na mfuko wa chumvi ulioshonwa kwa kitambaa kizee, ambao mama aliupasha moto juu ya kifuniko cha sufuria kabla ya kumwekea mtu kiunoni. Ukutani kulikuwa na rafu ya mbao tatu, moja juu ya nyingine, ambako tulipanga vikombe. Chumba kizima kilinuka mafuta na makaa, na nguo zangu pia, na shuleni nilikuwa nimeitwa majina kwa sababu ya harufu hiyo. Leo ningelipa kuisikia tena.

Mama alikuwa mkandaji. Walimjia wapagazi wa Gikomba waliovunjwa migongo na mizigo, mafundi cherehani wenye shingo zisizogeuka, wanawake waliojifungua, vijana wa mpira na vifundo vyao vya miguu. Hakuwa mganga na hakupenda kuitwa hivyo. Aliyeanguka akaja bila kupigwa picha, au aliyelalamika miguu imekufa ganzi, alimrudishia mlangoni. "Mimi sina macho ya kuona ndani ya mfupa," alikuwa akisema. "Enda hosi upigwe picha. Wakikuambia hakuna mahali pamevunjika, ukuje." Na sheria yake nyingine ilihusu wanaume. Akimshika mwanamume, mlango ulibaki wazi, mimi nikawa nyuma ya pazia, na jirani yetu Mama Ciru akaketi kwenye kigoda kizingitini akichagua maharagwe au akimenya minji. Mwanamke asiye na mume nyumbani, anayepaka wanaume wa watu mafuta mgongoni, mtaa ulikuwa na midomo ya kumtafuna mzimamzima. Hakutafunwa. Wake wa watu waliwaleta waume zao wenyewe, wakawaacha pale na kwenda sokoni.

Mutiso alikuja asubuhi moja mkono wake wa kulia umefungwa shingoni kwa kitambaa kilichogeuka rangi kwa uchafu. Nilimsikia kabla ya kumwona, maana kutoka nyuma ya pazia kila mtu kwangu alianza kwa kuwa sauti. Alikuwa mchongaji vinyago katika karakana moja ya Wakamba upande wa Gikomba, akiishi mtaa wa Lucky Summer kwa baba yake mdogo, Mzee Kyalo, ambaye pia alikuwa mchongaji na ndiye aliyemfundisha kazi. Gogo lilikuwa limeporomoka kutoka kwenye rundo likampiga begani na bega likatoka mahali pake. Hospitalini walilirudisha, wakampiga picha, wakamfunga mkono na kumwambia siku ya kuufungua ikifika aanze mazoezi. Siku ilifika, naye akaogopa. Aliufunga tena mwenyewe, mwezi ukapita, na mwingine, hadi bega likaganda kabisa.

"Nani alikuambia ukae na hii kitambaa mpaka sai?" mama akamuuliza.

"Hakuna, mwaitu. Nilikuwa naona kama nikiifungua mkono itaanguka."

"Mkono haianguki. Imeshonwa na Mungu. Toa hiyo takataka."

Nikasikia akivuta pumzi kwa meno. Mwaitu maana yake ni mama yangu, na kwetu kijana humwita hivyo mwanamke yeyote wa umri wa mama yake. Wakati huo halikuwa na uzito wowote. Mama alimlaza kwa ubavu, akampasha chumvi, kisha kwa muda mrefu sikusikia chochote ila Mama Ciru akitupa maganda ya minji kwenye sufuria. Mama alikuwa hivyo. Watu walidhani kukanda ni nguvu, na wako wakandaji wa nguvu, wanaokuvuta hadi ukasikia mlio na kushangilia kwamba kimerudi. Yeye aliweka kiganja kimoja kwapani, kingine kwenye bapa la bega mgongoni, akangoja. Alisema nyama ya mtu anayeogopa ni ngumu, na hakuna haja ya kugombana nayo. Ungoje hadi ichoke kuogopa, ndipo usogee kidogo, halafu ungoje tena.

Baada ya kukandwa wagonjwa walikunywa chai, na chai yenyewe ilikuwa sehemu ya dawa. Mama aliweka kikombe cha Mutiso kwenye ubao wa chini wa rafu na kumwambia akichukue kwa mkono mgonjwa. Siku ya kwanza hakuweza, na mama akanywa chai ile mwenyewe mbele ya macho yake, polepole, akiisifu. Mama Ciru alicheka hadi akashika ubavu. Mutiso akacheka pia, na nadhani ni kicheko kile kilichonifanya nisogeze pazia kidogo. Nikaona kijana mwembamba mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, amesimama mbele ya rafu ya vikombe akilazimisha mkono wake kupanda. Baada ya majuma kadhaa alikifikia kikombe cha ubao wa chini. Akala muthokoi wetu kwa mkono huohuo, kijiko kikitetemeka na mahindi yakimwangukia magotini, na mama akakataa asisaidiwe. Mvua za masika zilipoanza alikuwa amefika ubao wa kati. Mzee Kyalo alituletea miko na kinyago cha twiga kama shukrani, akaketi mlangoni akieleza jinsi kazi ilivyokuwa ikimsubiri kijana wake: magogo makubwa ya kusimama nayo, ambayo mchongaji huyapiga kwa tezo akiinua mkono juu ya kichwa. Wachongaji wa magogo hayo walikuwa wachache na waliheshimiwa. Mutiso alikuwa mmoja wao kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano, na mkono usiopita bega haungemrudisha huko.

Mimi na Mutiso tulizoeana kwenye bomba la maji. Mama alikuwa akimwambia akae kidogo baada ya kukandwa ili mwili upoe kabla ya kutoka kwenye baridi, na ikawa mwili wake unapoa vizuri zaidi akinibebea debe kwa mkono wa kushoto. Hatukusema mengi. Aliniuliza vitabu vyangu vilikuwa vya nini, nami nikamuuliza anajuaje mahali twiga anapoisha ndani ya mti. Siku moja akaniambia kwamba akipona atakuja na wazee. Nikamwambia mbona angoje kupona, na mara tu neno liliponitoka, sote wawili tukatazama mkono wake. Tulikuwa tumelelewa tukijua. Siku ambayo wazee wangesema mbele ya mama kwamba Mutiso ananitaka, mama angekuwa mama mkwe wake, na mikono ile isingemgusa tena.

Tulidhani hiyo ilikuwa siri yetu. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia, mama akidhani nimekwenda dukani, nikamsikia Mama Ciru akianza, akimwita mama kwa jina langu kama kawaida, kwa sauti yake ya kutafuta maneno.

"Mama Ndinda, kwani wewe huoni? Huyo kijana anaangalia pazia kuliko anavyoangalia mkono."

"Naona."

"Na?"

"Na sijaambiwa."

"Lakini unajua!"

"Kujua ni kitu yangu peke yangu. Siku wazee watasimama hapa waniambie, siku hiyo nitaosha mikono. Mama Ciru, mimi nashika wanaume wa watu. Bibi zao wananiachia kwa sababu wanajua nina mpaka. Nikishika mkwe wangu, kesho nani ataniletea bwanake?"

"Sasa utafanya nini na huyo mtoto wa watu?"

"Nitaharakisha."

Nilibaki pale nimelala chali, nikiogopa hata kugeuka kitanda kisilie. Kumbe mama alikuwa akishindana na vinywa vyetu. Kuanzia juma hilo alimwambia Mutiso awe akija kila siku. Aliacha utani wake wa chai. Kijana akifungua mdomo kusema jambo lolote lililoanza na "Mwaitu, nilikuwa nataka," alimkatiza hapo hapo: "Hapa tunaongea mkono tu." Na mkono ulisikia. Ulianza kupanda kuelekea ubao wa juu, vidole vikagusa ukingo wake, ingawa havikuweza kushika kikombe. Jioni mama aliketi akijikanda vidole vyake mwenyewe, akitazama rafu ile kama mtu anayesubiri mgeni. Nikamwambia Mutiso kwenye bomba asimwambie mtu yeyote neno lolote. Akainamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kumwambia Mzee Kyalo. "Lakini nilimwambia angoje," akasema.

Mzee Kyalo hakuwa mtu mbaya, na hata leo siwezi kumkasirikia sawasawa. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa na furaha mfukoni. Aliona bega linapona, aliona msichana aliyemaliza shule, akaogopa mwingine asije akamtangulia, na zaidi ya hayo alitaka kumshukuru mama, na ni shukrani gani kubwa kuliko kumfanya awe mmoja wenu? Kilichompotosha ni kwamba kwake mkandaji alikuwa kama muuguzi wa hospitali, mtu ambaye mikono yake haina ukoo. Jumamosi moja asubuhi alifika akiwa na koti lake la kanisani na wazee wawili wa kijiji chao, wamebeba sukari na majani ya chai. Mutiso alikuwa amelala kwa ubavu bila shati, mama nyuma yake, kiganja kimoja kwapani na kingine mgongoni. Mama Ciru aliinuka kwenye kigoda akataka kuwazuia, lakini utamzuiaje mtu anayetabasamu namna ile?

"Mama Ndinda, hatutakaa," Mzee Kyalo akasema akiwa bado mlangoni. "Tumeona tusitume watu, tukuje wenyewe. Huyu kijana unashika hapo sasa ni mtoto wako. Tumekuja kuuliza siku ya kuleta mbuzi za ntheo."

Mbuzi za ntheo ndizo zinazofungua ndoa kwetu. Zikishatajwa, jambo limesemwa.

Nilikuwa nimesimama kwenye upenyo wa pazia na niliona yote. Mama aliinua mikono yake kutoka kwa Mutiso, yote miwili kwa pamoja, akaiweka mbele yake viganja juu. Hakumtazama Mutiso tena. Alipita pazia akaja upande wangu, akaketi kitandani na mafuta yakimtiririka hadi kwenye viwiko, bila kuyafuta, na akalia bila sauti. Nilikuwa nimewahi kumwona mama akilia kwa ajili ya msiba; sikuwa nimewahi kumwona akilia kwa ajili ya kazi. Upande wa pili mmoja wa wale wazee akacheka kwa kuridhika. "Mnaona?" akasema. "Nthoni imeanza. Huyo ni mama mwenye adabu." Kisha nikasikia sauti ya Mutiso, ndogo sana: "Mwaitu, bado bega." Mama akaniangalia. "Mwambie avae shati," akasema, na tangu siku hiyo hadi siku aliyokufa, kila neno lililotoka kwa mama kwenda kwa Mutiso lilipitia kwangu.

Siku chache baadaye Mutiso alirudi akasimama nje ya mlango, akanipa ujumbe kwa sauti ya kutosha mama asikie. Mzee Kyalo alikuwa tayari kuja kusema kwamba alikosea, kwamba hakuna kilichoombwa. Tungoje mkono upone, kisha tuanze upya. Niliubeba ujumbe huo hatua chache tu hadi kwa mama, na ulinichoma, kwa sababu ulikuwa na akili na nilitamani asingeutoa. Mama hakufikiri hata kidogo. "Mwambie mbuzi zikishaitwa zikarudishwa, ni msichana amerudishwa. Hiyo mtoto wangu hatafanyiwa, hata kama ni ya kuigiza. Kama anataka mikono yangu, aende akaseme hakutaki, na akapone, na asirudi kukutafuta. Kama anakutaka wewe, alete mbuzi. Achague." Nilipogeuka mlangoni Mutiso alikuwa amesikia kila kitu. Alijaribu kuinua mkono, nadhani kuniaga, ukafika palepale ulipozoea kufika. Akaondoka.

Juma lile ndilo refu kuliko yote niliyoishi, na nayahesabu pamoja na haya ya sasa. Sikumlaumu mama na sikumlaumu Mutiso, nikawa sina pa kupeleka hasira yangu ila kwenye sufuria, ambazo nilizisugua hadi Mama Ciru akauliza kama nazichonga. Nilikuwa najua mkono ule ulikuwa nini kwake. Nilikuwa nimeuona ukijifunza upya kushika kijiko. Nikajiambia kwamba asiporudi nitamwelewa, kisha nikalia kwa sababu nilijua ningemwelewa kweli. Jumamosi watoto wa mtaa walianza kupiga kelele vichochoroni, nikasikia sauti ambayo haikuwa ya Ziwani kabisa, mlio wa mbuzi. Walifungwa kwenye bomba la maji, wakala maganda ya viazi na daftari la mtoto mmoja, na Mama Ciru akapiga vigelegele akiwa na unga mikononi. Mutiso alisimama nyuma ya wazee. Siku hiyo hakuruhusiwa kuingia.

Mama hakukata tamaa mara moja. Alimwita Mzee Kyalo akamwambia, "Wewe ndiye umetoa mikono yangu, basi lete yako." Kwa miezi iliyofuata Mutiso alilala kwenye kitanda kilekile, Mzee Kyalo akimshika kwa viganja vilivyokomazwa na tezo, na mama amesimama nyuma ya pazia, upande wangu, akiongoza kwa masikio. "Mzee, hapo si mbao! Punguza. Ngoja. Akinyamaza ujue umefika. Sasa sogea kidogo." Kuna wakati Mzee Kyalo alijibu kwamba hata mbao humwonea huruma kuliko huyu mtoto, na sote tukacheka, pande zote mbili za pazia. Lakini nilichokiona mimi peke yangu ni mikono ya mama. Alipokuwa akiongea ilikuwa ikifanya kazi hewani, kiganja kimoja chini, kingine juu, vidole vikitafuta, vikingoja, vikisogea, na hapakuwa na kitu ndani yake. Niligeuza uso.

Ubao wa juu haukufikiwa tena. Hospitalini, ambako alikuwa akienda kwa tarehe zilizoachana sana, mtaalamu wa mazoezi alimpima akasema bega limefika mahali pazuri, na kwamba wengi huishia hapo. Huenda hata mama angeishia hapo. Jambo hilo nimelipindua kichwani miaka yote na sijalipatia jibu. Hakuna aliyejua, na labda hilo ndilo lililokuwa likimla mama. Mutiso hakurudi kwenye magogo ya kusimama. Aliketi chini na wanaopiga msasa, akachonga vijiko, vitana, twiga wadogo wa kutoshea kiganjani, na kazi hiyo ikatulea, ikatuhamisha Umoja, ikasomesha watoto. Baada ya harusi mama alijaribu kunifundisha nimkande mwenyewe, lakini mikono yangu haikurithi kitu. Siku moja, watoto wakiwa shuleni, nilimuuliza Mutiso kama angenichagua endapo angejua hakika kwamba mkono hautapona. Alipuliza vumbi kutoka kwenye kijiko. "Nilikuwa nataka vyote viwili," akasema. Nilimpenda zaidi kwa kutonidanganya.

Na mama, ambaye watu wanasema hakumpenda, alimtibu kwa maswali kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila nilipokwenda Ziwani aliniuliza kabla sijaketi. Anavua shati kwa kuanzia mkono gani? Baridi ikija linamuuma mbele au nyuma? Analalia upande upi? Alinipa chupa ya mafuta, akaniambia pa kupaka, nami nikarudi na majibu ambayo hayakumtosha kamwe. Mutiso naye alikuwa akiniuliza kama mwaitu ameshiba, kama paa lake linavuja, na mara kwa mara alimtumia mwiko mpya. Mwiko wa mwisho alimpelekea mwezi mmoja kabla moyo wake haujasimama akiwa kwenye kiti chake, msasa mkononi.

Siku ya kumchukua mochari tulikwenda na wanaume wa kanisa waliokuwa wamekubali kumvisha, mimi na binti zangu tukabaki kwenye benchi nje, na mama katikati yetu. Baada ya muda mhudumu alitoka, mtu mpole aliyezoea kuongea na wafiwa, akanieleza kwamba mkono wa kulia hauingii kwenye koti. Akasema hilo hutokea, wao hukata koti kwa nyuma, na hakuna atakayeona. Nilikuwa nataka kumwambia akate, tumalize. Mama akainuka.

"Msikate," akasema.

"Mama, ni Mutiso," nikamwambia. Nilidhani uzee umemsahaulisha.

"Najua ni nani. Yeye ndiye alikuwa akinionea haya, na ameenda. Nipeleke."

Nilimshika mkono tukaingia. Wanaume wa kanisa walisogea ukutani bila kuambiwa. Mutiso alikuwa amevishwa suruali na fulana, uso wake umetulia, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Mhudumu alimpa mama glovu, naye akazirudisha. Vidole vyake siku hizi vimepinda na havifungui hata chupa ya maji, lakini alivisugua pamoja kwanza, kwa muda, jinsi alivyokuwa akifanya asimguse mtu kwa ubaridi. Kisha akapitisha kiganja kimoja kwapani na kingine mgongoni, kwenye bapa la bega, akafumba macho akangoja. Nikaona kidole chake kimoja kikisogea kidogo, kikasimama.

"Hapa," mama akaniambia. "Hapa ndipo nilikuwa nimefika."

Mhudumu akasogea na koti, nikampa ishara angoje.